Damu Juu ya Ramani ya Sinai

Nilikuwa nimemwomba Daimu asinitazame.

"Mbele ya wazee," nilimwambia kwa simu siku ya Ijumaa, "mimi ni binti wa mwenye nyumba tu, na wewe ni mwongozaji. Ukinitazama kama unavyonitazama siku zote, Mama Suzana atajua kabla chai haijapoa."

Akacheka. Akasema atatazama ramani.

Na kweli alijitahidi. Jumamosi saa tatu asubuhi alifika nyumbani kwetu Mjimwema, Songea, amevaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri, akawaamkia wazee wote tisa mmoja mmoja, kisha akatandaza ramani yake juu ya meza ya kioo ya baba. Nilipomwekea kikombe cha togwa aliinua macho. Mara moja tu. Nilihisi joto likinipanda kutoka shingoni hadi masikioni, nikarudi jikoni kama mtu aliyesahau kitu. Mama Suzana, jirani yetu, alinifuata kwa macho hadi mlangoni.

Wazee wale walikuwa wa jumuiya yetu ya kanisani. Kwa miaka miwili walijiandaa kwenda Misri kuuona Mlima Sinai, mlima ule wa jangwani ambako Musa alipewa amri kumi. Aliyelianzisha jambo hilo ni baba yangu, Mwalimu Fransisko Luambano. Presha ya macho ilikuwa ikimla uoni wake taratibu, na daktari alimwambia asitegemee kuona vizuri kupita mwaka ujao. "Kabla giza halijaniingia," baba alikuwa akisema, "nataka nisimame pale juu, nilione jua likichomoza."

Mwongozaji nilimtafuta mimi. Niliwaambia wazee kwamba yuko kijana mmoja kwenye ofisi ya utalii karibu na soko, amesoma Cairo miaka minne, na likizo zake zote alikuwa akiwasindikiza mahujaji kwenye mlima ule. Ni Mwislamu wa Tunduru, lakini njia anaijua nje ndani. Baba alijibu kwamba dini ya mwongozaji haimsumbui, mradi miguu yake iwe inajua inakokwenda. Yote niliyowaambia yalikuwa kweli. Kuna moja tu sikulisema.

"Kutoka Cairo tunaondoka alfajiri kwa basi," Daimu alikuwa akieleza, kidole chake kikitembea juu ya ramani. "Tunapita kwenye handaki, chini ya mfereji wa Suez. Baada ya hapo ni jangwa. Mawe na mchanga, mwendo wa saa sita au saba hivi. Watu wengi husinzia. Mimi nitawaamsha, maana hilo jangwa ndilo mliloliendea."

"Na mlima wenyewe?" baba akauliza.

"Tunaanza kupanda usiku wa manane, mwalimu, ili jua litukute juu. Baridi ni kali. Kila mmoja awe na koti zito, soksi na tochi. Njia ya ngamia inakufikisha karibu na kilele. Zinabaki ngazi mia saba na hamsini za mawe, na hapo ngamia hafiki."

"Huyo ngamia," Mama Suzana akasema, "mtu mwenye magoti kama haya yangu anampandaje?"

"Analala chini kwanza, mama. Akiinuka anaanza na miguu ya nyuma, kwa hiyo utasikia unarushwa mbele. Wewe egemea nyuma, na ushike sana."

"Na nikianguka?"

"Nitakuwa chini yako, nikudake."

Wazee wakacheka. Baba hakucheka. Alikuwa ameuelekeza uso wake pale sauti ya Daimu ilipokuwa ikitokea.

"Na mimi nisiyeona gizani?"

Daimu aliondoa kidole kwenye ramani. "Wewe, mwalimu, utanishika bega. Kila ngazi nitakutajia. Ikiwa ndefu nitasema ndefu, ikiwa imevunjika nitasema imevunjika. Tutafika, inshallah, na jua utaliona."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani ya magimbi. Nilimtazama mtu yule akizungumza na baba yangu kwa upole ule, nikasahau onyo nililompa yeye mwenyewe. Nilimtazama bila kujificha. Ndiyo maana sikusikia hatua za kaka yangu zikiingia kwa mlango wa nyuma.

Makarius hakutakiwa kuwepo. Ana karakana ya useremala Lizaboni, na Jumamosi harudi hadi jioni. Siku ya kikao niliichagua kwa sababu hiyo. Lakini alikuwa ameanika mipini ya shoka nyuma ya nyumba, na mteja alikuwa akiusubiri mmoja. Aliingia nao mkononi, vumbi la mbao nyweleni, ili awasalimie wazee kabla hajaondoka.

"Shikamooni," akasema.

"Marahaba, Makarius."

Kisha akamwona Daimu. Uso wake ukabadilika taratibu, kama mtu anayesikia harufu ya kitu kinachoungua na hajui kiko chumba gani.

"Wewe," akasema.

Daimu alisimama. "Habari za siku nyingi, kaka Makarius."

Hapa lazima nieleze. Dada yetu Dorine aliolewa Namasakata, huko Tunduru, na mkulima wa korosho aitwaye Abdulhamid. Alibadili dini, akaitwa Saada. Miaka mitatu iliyopita alifariki kwa uzazi, yeye na mtoto, akazikwa alasiri ya siku ileile kama ilivyo desturi yao. Sisi tulipata taarifa usiku. Baba alikuwa amelazwa kwa ajili ya upasuaji wa jicho, hivyo tukaenda mimi na Makarius. Kesho yake mchana tulikuta kichuguu cha udongo mbichi katikati ya mikorosho. Mume wake alikuwa amelala ndani, hawezi hata kuzungumza. Makarius alichukua jembe. Alisema atamfukua dada yake ampeleke Songea, akalale karibu na mama. Watu walirudi nyuma. Kijana mmoja tu hakurudi. Alisimama juu ya kichuguu, mikono wazi, akamwambia kaka yangu kwamba jembe lile litapita kwake kwanza. Makarius aliliinua. Alilishikilia juu kwa muda ambao niliona kama mwaka, kisha akalitupa.

Kijana yule alikuwa Daimu. Jioni ile aliniomba namba ya simu, akaahidi atalitunza kaburi. Kila baada ya mvua alinitumia picha: magugu yameng'olewa, udongo umesawazishwa. Ningeuzuiaje moyo wangu? Alipopata kazi Songea mwaka jana, nilikuwa nimeshampenda kabla hajashuka kwenye gari.

"Nani kamleta huyu humu ndani?" Makarius akauliza.

Daimu aliinamisha macho. Angeweza kusema, lakini alinificha.

"Mimi," nikasema.

Kaka aligeuka kunitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu, ila najua hakuhitaji kuuliza zaidi.

"Wewe pia, Lidu?" Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Mmoja wamemmeza. Leo wamekuja kumchukua wa pili, na wewe unamnywesha togwa."

"Kaka, nisikilize kwanza."

Mpini ulikuwa umeshapanda.

Pigo la kwanza Daimu alilikinga kwa mkono wa kushoto. Nilisikia mfupa. Sauti yake ilikuwa kavu na ndogo, kama kijiti kinachovunjwa ili kuwashia moto. La pili lilimpata juu ya sikio, akaanguka juu ya meza, na kioo kikapasuka chini yake na vikombe vyote. Mama Suzana alipiga yowe. Wazee walikimbilia mlango mmoja wote kwa pamoja, wakabanana hapo. Mzee Raphael, aliyekuwa mpiganaji mzuri enzi zake, alimkumbatia Makarius kwa nyuma, lakini Makarius alijitikisa mara moja tu na mzee yule akaenda kugonga kabati la vyombo.

"Makarius," baba alikuwa akiita. "Makarius, nini hiyo? Nani ameanguka?"

Daimu alijiinua kutoka kwenye vioo. Damu ilitoka sikioni ikaingia kwenye kola ya lile shati jeupe. Nilidhani ataomba msamaha. Hakuomba. Alimrukia kaka yangu, akampiga kichwa puani, kisha ngumi ya mdomo, na nikaona jino likiruka pamoja na mate mekundu. Mpini ukaanguka. Wakashikana kwa makoo, wakagonga ukuta, picha ya harusi ya wazazi wangu ikadondoka, wakaikanyaga.

"Uliniona mimi si mwanaume pale," Makarius alikuwa akihema. "Mbele ya watu. Mbele ya kaburi la mlongo wangu, dada yangu."

"Niachie," Daimu alisema. "Niachie, tuzungumze."

"Tutazungumza ukiwa chini ya udongo."

Baba aliinuka kwenye kiti chake na kuzifuata sauti zao, mikono mbele. Nilimwita arudi, akachelewa kunisikia. Kiwiko cha Makarius, kikirudi nyuma kutafuta nguvu ya kupiga, kilimpata kwenye paji la uso. Baba alikaa chini kama mtu aliyenyang'anywa kiti. Damu ikamshuka juu ya jicho, lile lililo zima kidogo.

Kaka hata hakujua. Alikuwa amemlaza Daimu sakafuni juu ya ramani, magoti kifuani, mikono yote miwili shingoni. Mkono uliovunjika wa Daimu ulikuwa umelala pembeni, haufanyi kitu. Ule mwingine ulikuwa ukimpapasa kaka yangu usoni, kisha ukaanza kulegea.

Nilimwita Makarius mara tatu kwa jina. Mara ya nne sikumwita. Niliokota mpini, nikampiga gotini.

Hakuachia. Nikampiga tena, palepale, kwa nguvu zangu zote, na safari hii alipiga ukelele, mikono ikafunguka, akaangukia ubavu. Daimu alivuta pumzi kwa mkoromo mkubwa. Ingetosha kuishia hapo. Nataka niseme ukweli: sikuishia hapo. Niliuinua mpini mara ya tatu, na nilikuwa nakitazama kichwa cha kaka yangu. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kwenda shule mwaka aliofariki mama. Nilikiona kile kichwa na bado nilitaka kukipiga.

"Lidwina."

Baba hakupaza sauti. Hakuwa hata ameniona vizuri, nadhani. Aliisikia tu pumzi yangu. Nikauweka mpini chini.

Makarius alikuwa ameshika goti, midomo imevimba.

"Umenipiga," akasema.

"Nimekupiga."

"Kwa ajili yake."

"Ulikuwa unamuua, kaka."

Ndipo akalia. Makarius sikuwahi kumwona akilia, hata Namasakata hakulia. Alilia amekaa kwenye vioo na togwa iliyomwagika, mabega yakipanda na kushuka. "Sikumzika, Lidu. Mlongo wangu alikwenda peke yake na mimi sikushika hata koleo moja la udongo. Nilitaka nimwone tu. Huyu akanikatalia kumwona."

Daimu alikuwa amejiegemeza ukutani. Sauti yake ilitoka imekwaruzwa.

"Ndiyo, nilikukatalia. Ilikuwa siku ya pili, kaka, na joto la Tunduru unalijua. Nilisaidia kumteremsha kaburini. Alikuwa ameoshwa vizuri, yeye na mtoto, amelala kama mtu aliyepumzika. Ungemfukua siku ile usingemkuta hivyo. Ungemwona vile maisha yako yote, kila ukifumba macho. Niliona heri unichukie mimi."

Makarius alimtazama. Kisha akauficha uso kwenye mikono yake.

"Ulitaka kumfukua mwanangu?" baba akauliza. Hakuwahi kuambiwa. Tulirudi kutoka Namasakata tukamwambia tu kwamba tumemwona.

"Nilitaka kumleta nyumbani, baba."

Baba alijifuta damu kwa kiganja, akaigeuzia sauti ya Daimu uso wake.

"Wewe kijana. Sinai iko mbali, na wenzangu nadhani wameshakimbia. Lakini Namasakata ni safari ya siku moja. Utanipeleka kwanza kwa Dorine, nikiwa bado naona?"

"Nitakupeleka, mwalimu."

Wazee walikuwa wamerudi kuchungulia. Mama Suzana alivua kitenge chake cha juu, akaniambia nimfunge nacho Daimu mkono, na hakuniuliza swali hata moja.

Tulikwenda hospitali kwa bajaji, mimi na Daimu. Baba alikataa kupanda. Alisema ana mtoto mwingine wa kushughulikia. Njiani kichwa cha Daimu kilikuwa begani kwangu, damu yake ikipenya kwenye blauzi yangu, na kila shimo la barabara lilimfanya ashike vidole vyangu zaidi. Hatukuwahi kuwa karibu hivyo mchana kweupe.

Nesi alimfunga kwa muda, akamsafisha sikio, akasema matibabu kamili yanahitaji fomu ya polisi, PF3. "Hili ni shambulio," akasema. "Nendeni mkaichukue."

Alipotoka, Daimu alinishika kifundo cha mkono.

"Waambie nilianguka kwenye pikipiki."

"Sitasema hivyo."

"Lidu, atafungwa. Ukimfunga kaka yako kwa ajili yangu, hiyo ndoa tunayoitaka itakuwa na nini ndani yake?"

"Na nikidanganya, itakuwa na nini?"

Alifumba macho. Kope zake zilikuwa na vumbi la kioo. "Basi sema kweli. Ila ukiulizwa mimi ni nani yako, sema mwongozaji wa safari. Baba yako leo ameomba kuonyeshwa kaburi la binti yake. Hajasema atatoa binti mwingine. Usimvunjie heshima mbele ya polisi."

"Unanipenda?"

"Swali gani hilo, mtu ana mkono mmoja?"

"Nijibu."

Akafumbua macho, akanitazama kama nilivyomkataza. Sikuhitaji jibu jingine. Niliinama nikambusu kwenye paji la uso, mahali pekee pasipokuwa na jeraha, nikatoka mbio kabla sijaanza kulia.

Kituoni kaunta ilikuwa na askari wa kike wa makamo, miwani puani, kalamu mkononi.

"Majeruhi anaitwa nani?"

"Daimu Rashidi."

"Amepigwa na nani?"

"Kaka yangu. Makarius Luambano."

"Kwa kitu gani?"

"Mpini wa shoka."

"Na huyo kaka yako amekimbilia wapi?"

"Sijakimbia, afande."

Niligeuka. Baba na Makarius walikuwa mlangoni, wameshikana. Baba amefungwa kitambaa kichwani, Makarius hawezi kuukanyagia mguu wa kulia, na ilikuwa vigumu kujua nani alikuwa akimwongoza nani. Walikuja hadi kaunta hatua kwa hatua. Nilimsikia kaka akimnong'oneza baba, "Kuna kizingiti hapa. Inua mguu."

"Ni mimi nimempiga," Makarius akamwambia askari. Hakunitazama. "Nilitaka kumuua. Andika hivyo."

"Na wewe mguu huo nani kakufanyia?"

"Nilianguka."

"Hapana," nikasema. "Nilimpiga mimi. Mara mbili."

Askari aliiweka kalamu mezani, akavua miwani, akatutazama wote watatu. "Nyie ni watu wa ukoo gani?"

"Ukoo mmoja," baba akajibu.

Askari alitikisa kichwa, akamwambia Makarius afungue mkanda na kuvua viatu, maana atabaki pale hadi maelezo yakamilike. Kaka aliinama kufungua kamba kwa shida. Nikapiga magoti kumsaidia. Mkono wake uligusa kichwa changu, ukatulia hapo kidogo.

"Mwambie huyo mtu," akasema polepole, kwa mdomo wake ule uliovimba, "mwambie mvua zijazo asipalilie peke yake."

Niliitikia kwa kichwa.

"Bado nafasi moja," askari akasema, miwani imerudi puani, kalamu yake juu ya karatasi. "Wewe uliyeleta taarifa. Huyo majeruhi ni nani yako?"

Nilisimama. Neno aliloniachia Daimu lilikuwa tayari mdomoni, mwongozaji, neno salama, lisilomuudhi mtu. Baba alikuwa amegeuza kichwa upande, sikio lake likinielekea, kama alivyofanya asubuhi alipokuwa akisikiliza habari za mlima. Makarius alikuwa peku kwenye sakafu ya saruji. Hakuna aliyenisaidia.

"Ni mwanaume ninayetaka kuolewa naye," nikasema.

"Hapa panaingia neno moja tu."

"Mchumba."

Kalamu haikushuka. Askari alikuwa akimtazama baba yangu juu ya miwani, jinsi wanawake wa makamo wanavyomtazama mzazi kabla jambo halijaandikwa. Baba akapapasa hewani, akaipata kaunta, akasogea hadi uso wake uliofungwa kitambaa ukawa karibu na ile karatasi.

"Liandike kwa herufi kubwa, afande," akasema. "Nataka nilisome mwenyewe."